Vifaa vya Kuzamia (3): Jaketi la Hewa

Wiki iliyopita tulimaliza habari za mtungi. Leo tunaingia kwenye jaketi, ambalo vijana wa vituo vya kuzamia, tangu Mji Mkongwe hadi Nungwi, hulitaja kwa herufi zake tatu, BCD.

Mnunuzi huuliza kwanza: linaelea na kilo ngapi? Huko ni kuanzia mkiani. Jaketi halikutengenezwa limpandishe mtu juu. Hurudisha kile ambacho kina kimemnyang'anya. Lita 6 za hewa hubaki 3 ukifika mita 10, na 1.5 ukifika mita 30. Suti ya mzamiaji nayo imejaa vipovu vya hewa, hivyo husinyaa na kupoteza nguvu ya kuelea.

Tupige hesabu ya kwetu. Bahari ya Unguja ni ya joto, nyuzi 25 hadi 29 hivi, na suti ya milimita 3 yatosha. Ikibanwa sana hupoteza kama kilo 2. Mtungi wa alumini wa lita 11, uliojazwa hadi baa 200, umebeba hewa ya kilo 2.5 hivi, na uzito huo hupungua kila unapovuta pumzi. Jumla haifiki kilo 5. Ongeza za kukuweka kichwa juu ya mawimbi, jaketi la kilo 12 hadi 15 linatosha kabisa. Yale makubwa zaidi yanawafaa watu wa maji baridi, wenye suti nene na risasi tele kiunoni. Ukilivaa moja Leven Bank, mkondo wa maji utalishika kama tanga.

Tena kina kifupi ndicho chenye ukorofi. Great Northern, meli ya kutandaza kebo iliyozama mwaka 1902 mbele ya Mji Mkongwe, haiko mbali na uso wa maji, na wageni huidhania nyepesi. Lakini kutoka mita 10 kwenda juu hewa ya jaketi hutanuka maradufu. Asiyeitoa mapema hujikuta amechomoza kabla hajajua kilichompata.

Umbo je? Maurice Fenzy wa Ufaransa alileta la kuvaa shingoni mwaka 1961. Siku hizi machaguo ni mawili. La koti hukusimamisha wima ukisubiri boti kwenye mawimbi ya kusi, nami ndilo ninalompa anayeanza. La mbawa, lenye mfuko mgongoni tu, hukulaza vizuri chini ya maji na kuacha kifua wazi, ila ukilijaza mno ukiwa juu hukusukuma kifudifudi.

Wengi wetu tutanunua la mtumba. Livae, lijaze mpaka valvu ipige mluzi: likikubana mbavu ni dogo, likipanda masikioni ni kubwa. Lilaze usiku kucha limejaa. Asubuhi litikise, maana chumvi iliyoganda ndani husikika ikicheza. Vuta kila kamba ya kutolea hewa, kisha bonyeza kitufe cha kujazia mara nyingi. Kikinata hata mara moja, mrudishie mwenyewe, hata akupunguzie nusu ya bei.

Wiki ijayo: risasi za kiunoni.