Likasi: Mazuti yanayopotea kati ya Kikula na Lubumbashi, na namna dereva anavyoweza kuyaokoa

Bei ya mazuti haiko mikononi mwa dereva. Serikali ndiyo inapanga bei rasmi, na kiasi ambacho gari linakunywa ndicho kinabaki kwa mwenye kulishika. Kwa dereva wa Kikula anayeishi kwa kazi ya barabara, mguu wake, mipira ya gari, filtri na mzigo wa juu ya paa vinaweza kumlia bidoni nzima ya lita 20 kila juma, bila yeye kujua.

Kikula ni moja kati ya komini nne za mji wa Likasi, pamoja na Likasi, Panda na Shituru. Mji uko kwenye barabara ya taifa namba 1, kilometa karibu 120 kutoka Lubumbashi. Upande mwingine njia inaendelea Fungurume na Kolwezi. Ni barabara ya malori yanayobeba shaba na kobalti kwenda mpaka wa Kasumbalesa, lakini pia ni barabara ya mabasi madogo, Land Cruiser za zamani na magari ya watu wanaotafuta chakula cha siku.

Mazuti yanayochomwa katika barabara hiyo yanatoka mbali. Haut-Katanga haina bahari. Malori ya tanki yanaleta mafuta kutoka bandari za nchi jirani, kama Dar es Salaam, yakipitia Zambia. Kila kilometa ya safari hiyo inaingia katika bei. Ndiyo maana lita moja inayopotea Likasi ni hasara kubwa kuliko lita inayopotea kando ya bahari.

Hesabu ya bidoni moja

Tuchukue mfano wa gari linalokunywa lita 10 kwa kilometa 100. Kwenda Lubumbashi na kurudi ni kilometa 240, yaani lita 24. Kama gari hilohilo likishuka mpaka lita 8.5 kwa kilometa 100, safari inakula lita 20.4. Dereva ameokoa lita 3.6. Akifanya safari sita kwa juma, ni zaidi ya lita 21. Kwa mwezi inapita lita 80.

Kwa dereva anayelazimika kumpa mwenye gari versement kila siku, tofauti hiyo haimhusu mwenye gari. Versement haipungui kwa sababu mazuti yameisha haraka. Kinachopungua ni kile anachopeleka nyumbani.

Lakini hakuna anayeweza kupunguza kitu ambacho hapimi. Sindano ya tanki haitoshi, kwa sababu inasema uongo kila gari likiwa kwenye mlima. Njia ya hakika ni daftari. Dereva anajaza tanki mpaka juu na kuandika kilometa. Safari ijayo anajaza tena mpaka juu, ikiwezekana kwenye pompa ileile, na kuandika lita zilizoingia. Lita zikizidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa kilometa alizotembea, anapata jibu. Kama kaunta ya kilometa imekufa, anaweza kutumia njia anayoijua urefu wake. Baada ya kujaza mara tatu au nne, daftari litaonyesha kama gari lina ugonjwa.

Mguu ndio pompa ya kwanza

Wizara ya nishati ya Marekani, ambayo imepima magari mengi, inasema kwamba kuendesha kwa hasira, yaani kukanyaga ghafula na kupiga freni ghafula, kunapunguza kilometa ambazo gari linatembea kwa lita moja kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na kwa asilimia 10 hadi 40 katika msongamano wa mjini. Ni sehemu chache za gari ambazo fundi anaweza kubadilisha zikaleta faida kama hiyo.

Sababu ni ya kawaida. Kila mara dereva anapokanyaga freni, mazuti aliyochoma ili kupata mwendo yanageuka kuwa joto kwenye magurudumu. Anayeona lori mbele na kuinua mguu mapema hapotezi kitu. Anayelifuata kwa nguvu na kupiga freni nyuma yake analipa mara mbili: kwanza mazuti, kisha plaketi za freni.

Mwendo wenyewe una bei. Hewa inazuia gari, na kizuizi hicho hakiongezeki sawa na mwendo. Kutoka kilometa 80 kwa saa mpaka 100, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya hewa inayosukuma gari nyuma imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwenye kilometa 120 za kufika Lubumbashi, kama barabara ingekuwa wazi kabisa, tofauti kati ya 80 na 100 ni dakika 18. Na barabara hiyo, yenye malori na vituo vya malipo, haiwi wazi kabisa.

Moteri ya mazuti ina tabia yake. Haina buji za kutoa cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa moto sana, kisha mazuti yanarushwa ndani na kuwaka yenyewe. Nguvu yake inapatikana chini, mizunguko ikiwa bado michache. Kwa magari mengi, kupanda vitesi karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika kunatosha. Kuingoja mpaka ilie kwenye 3,500 ni kuchoma mazuti kwa ajili ya kelele. Lakini kuilazimisha kupanda mlima katika vitesi ya juu huku inatetemeka si akiba pia: moshi unatoka mweusi na moteri inaumia.

Mteremko: akiba ya uongo

Madereva wengi wanaamini kwamba kwenye mteremko, kutoa vitesi na kuliacha gari litembee lenyewe, kile wanachoita point mort, kunaokoa mazuti. Kwenye mteremko mkali, ambapo gari linasukumwa na uzito wake, ni kinyume.

Gari likiwa ndani ya vitesi na mguu umetoka kwenye pedali, magurudumu ndiyo yanazungusha moteri. Pompa, ya zamani au ya kompyuta, inakata mazuti karibu yote mpaka mizunguko ishuke. Gari linatembea bure. Likiwa kwenye point mort, moteri inabaki peke yake na lazima ichome mazuti ili isizimike. Kiasi hicho ni kidogo: gari dogo la mazuti likisimama moteri ikiwaka, linakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Dakika tatu za mteremko ni kama vijiko viwili vitatu vikubwa.

Kwa hiyo kinachogombaniwa hapo ni vijiko. Kinachoweza kupotea ni maisha ya watu. Gari lenye abiria na mizigo, bila vitesi ya kulishikilia, linabaki na freni peke yake. Freni zikipata moto sana, zinaacha kushika. Anayezima moteri kabisa anafanya vibaya zaidi: msaada wa freni unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mzito kama jiwe. Likasi ni mji wa vilima, na kila mtu anajua sehemu za barabara ambapo magari yamewahi kuanguka. Vitesi ibaki ndani.

Vumbi, mwinuko na moshi mweusi

Likasi iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, moteri inapata hewa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi ikilinganishwa na gari la Dar es Salaam. Gari lenye turbo linajisaidia kwa sehemu kubwa. Moteri isiyo na turbo, kama 1HZ ya Land Cruiser inayojulikana sana Katanga, inapumua kile kilichopo. Pompa ikifunguliwa izidishe mazuti "ili gari liwe na nguvu", hewa haitoshi kuyachoma. Yanatoka nyuma kama moshi mweusi.

Moshi mweusi ni mazuti yaliyonunuliwa na kutupwa. Kabla ya kugusa pompa, fundi mzuri anaanza na kitu rahisi: filtri ya hewa. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua za mwezi wa kumi, vumbi jekundu la barabara zisizo na lami linaijaza haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Filtri iliyoziba inanyima moteri hewa. Kuondoa filtri kabisa ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu vumbi linakwaruza silinda na gari linaanza kula oili. Moshi wa rangi ya buluu ndio dalili ya oili inayoungua. Kama filtri ni safi na moshi mweusi unaendelea, hapo ndipo injekteri na pompa zinapelekwa kupimwa.

Kuna kosa lingine la garaji: kutoa kalorstat, ile sehemu inayozuia maji ya radiateri mpaka moteri ipate moto wake. Wengine wanaitoa wakifikiri nchi yetu ni ya joto. Lakini asubuhi za mwezi wa sita na wa saba Katanga zina baridi kali. Bila kalorstat moteri inachelewa kupata moto, na moteri baridi inakunywa zaidi na kuchakaa haraka. Gari likipata moto kupita kiasi, dawa ni kutafuta ugonjwa kwenye radiateri au pompa ya maji. Vilevile, hakuna haja ya kuliacha gari liwake robo saa kabla ya kutoka. Dakika moja inatosha, kisha dereva aende polepole kilometa za kwanza.

Mipira, freni na mzigo

Mipira laini inaweza kupandisha matumizi mpaka asilimia 3, na inakwisha mapema. Kupimisha presha kwa quado mara moja kwa juma, asubuhi mipira ikiwa baridi, ni kazi ya dakika tano. Namba sahihi imeandikwa kwenye mlango wa gari au katika kitabu chake, na inapanda gari likibeba mzigo.

Baada ya safari fupi bila kupiga freni sana, dereva anaweza kukaribisha mkono kwenye kila gurudumu. Moja likiwa moto kuliko mengine, freni yake haiachii. Gari hilo linatembea siku nzima huku limeshikwa. Gari linalovuta upande mmoja nalo linahitaji paralelismu.

Kisha kuna paa. Vipimo vya Wizara ya nishati ya Marekani vinaonyesha kwamba sanduku kubwa lililofungwa juu ya gari linapunguza kilometa zinazopatikana kwa lita moja kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na zaidi mwendo ukipanda. Magunia ya makala hayana umbo zuri kuliko sanduku. Mzigo ukilipa, ubebwe, lakini uwekwe ndani au uwe chini kadiri inavyowezekana, na mwendo upunguzwe. Galeri tupu isiyotumika iondolewe. Na kila kilo 45 za vitu visivyo na kazi ndani ya gari dogo ni karibu asilimia moja zaidi.

Mazuti ya rahisi yanayogharimu

Karibu kila mji wa Kongo una wauzaji wa kando ya barabara ambao watu wanawaita Kadhafi. Wengi ni watu wanaojitafutia maisha, na mara nyingine wanaokoa dereva aliyekwama. Shida ni kwamba hakuna anayejua bidoni ilibeba nini jana. Maji, vumbi, au mafuta ya taa yaliyochanganywa ndani, yote yanaishia kwenye pompa.

Mazuti ndiyo yanayolainisha pompa ya mazuti. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri, na pompa inajisaga. Moteri za zamani zinavumilia kidogo. Moteri mpya za komoni reli, zinazosukuma mazuti kwa nguvu ya zaidi ya bari 1,000 kupitia matundu madogo kuliko sindano, hazivumilii. Injekteri ikiharibika inaacha kurusha ukungu na kuanza kudondosha, na matumizi yanapanda kabla gari halijakataa kuwaka.

Ulinzi ni wa bei ndogo: kubadilisha filtri ya mazuti kwa wakati, kufungua bomba la chini ya filtri na kutoa maji, hasa msimu wa mvua, na kutolaza gari usiku tanki likiwa karibu tupu. Zile chupa za dawa zinazoahidi kupunguza matumizi kwa nusu hazifanyi kazi hiyo. Kama ingekuwa rahisi hivyo, watengenezaji wa magari wangekuwa wameshaitia kiwandani.

Wa kuanzia wapi? Dereva asiye na makuta ya garaji anaweza kuanza kesho asubuhi na vitu vitatu: daftari, presha ya mipira na mguu mwepesi. Filtri ya hewa inafuata. Pompa na injekteri zinakuja mwisho, daftari likionyesha kwamba bado kuna mazuti yanayopotea. Baada ya mwezi mmoja, kurasa zile zitamwambia bidoni yake ilikuwa inakwenda wapi.