Ng'ombe Akiumia Baada ya Chanjo: Ni Wakati Gani Umwendee Wakili?

Tuseme wewe ni mkulima wa Nyandarua, una ng'ombe wanne wa maziwa. Jumatatu walichanjwa wote. Alhamisi asubuhi mmoja wao, yule anayejaza ndoo, amelala zizini na hataki kuinuka, jioni amekufa. Jirani anakuambia, "Nenda kwa wakili upesi, ulipwe." Jirani wa pili anakuambia, "Achana na kesi, Serikali haishtakiwi." Wote wawili wamekosea, nasi twataka kukueleza kwa nini.

Kwanza fahamu ya kuwa kufa baada ya chanjo ni jambo moja, na kufa kwa sababu ya chanjo ni jambo lingine. Korti hailipi la kwanza. Ugonjwa wa miguu na midomo hukaa mwilini siku 2 hata 14 kabla haujaonekana. Basi ng'ombe akichanjwa Jumatatu, na siku ya nne akaanza kudondosha mate na kuchechemea, yaelekea sana kuwa aliupata ugonjwa kabla sindano haijamgusa. Chanjo haikumletea ugonjwa, ilichelewa tu. Tena uvimbe mdogo mahali pa sindano, au maziwa kupungua siku chache, si shauri la wakili. Ni shauri la kungoja.

Lakini madhara ya kweli yapo, nasi hatutayaficha. Wanyama wachache miili yao huikataa dawa: macho na midomo huvimba, pumzi huwa nzito, povu hutoka, na kwa kawaida mambo haya hutokea katika dakika au saa za kwanza. Hata hapo, si lazima awepo mkosaji. Hakimu atataka kujua kama kuna mtu aliyefanya asilopaswa kufanya, au aliyeacha alilopaswa kufanya, na kama kosa hilo ndilo lililokuletea hasara.

Tazama chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa. Ile ya zamani iitwayo Smithburn ina virusi vilivyo hai, navyo vyaweza kumfanya ng'ombe au kondoo mwenye mimba aiharibu mimba hiyo, au azae mtoto mwenye kilema. Jambo hili linajulikana na limeandikwa. Kama mchanjaji hakuuliza ni wanyama gani wenye mimba, akawadunga wote, hapo una neno la kusema mbele ya hakimu. Kama alikuuliza, nawe ukajibu hakuna kwa kuwa hukutaka mtamba wako arukwe, kosa limekuwa lako.

Chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Muguga, ni ya namna nyingine kabisa. Mnyama hupewa vijidudu vya ugonjwa wenyewe vikiwa hai, na papo hapo hudungwa dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, kwa kipimo cha uzito wake, ili ugonjwa usimshinde. Sasa mtu akikisia uzito kwa macho, au akipunguza dawa ili chupa itoshe ndama wengi, amempa ndama wako ugonjwa bila ngao. Ndama akipata homa katika wiki ya pili au ya tatu, mwite mchanjaji siku hiyo hiyo. Asipokuja, andika saa uliyompigia simu.

Na kuna hasara ya tatu ambayo wengi hawaifikirii: dawa iliyopata joto. Chanjo iliyokaa juani kwenye boda boda kwa kawaida haiui ng'ombe, lakini haimkingi. Ukinunua dawa dukani, ukapewa iliyoharibika, na baadaye mifugo wako wakaugua ugonjwa ule ule uliowachanjia, dai lako ni juu ya bidhaa uliyouziwa.

Hatusemi haya ili uogope sindano. Sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa babu zetu, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani, na chanjo iliyotumika kuimaliza ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake hapo hapo Muguga. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ilianza kazi ya kuchanja mifugo nchini, ikikusudia kufikia ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50. Kazi ikiwa kubwa hivyo, makosa machache ya mikono ya watu hayakosekani, na yafaa mkulima ajue haki yake.

Sasa turudi zizini, maana kesi nyingi hupotea hapo kabla wakili hajasikia habari. Mzoga haungoji. Usiuzike, usiuchune, wala usiwape mbwa. Mwite daktari wa mifugo wa wadi au wa kaunti aje siku hiyo hiyo, aupasue, atoe vipande na damu vya kupelekwa maabara ya Kabete, au ile iliyo karibu nawe zaidi, kama ya Nakuru, Eldoret, Karatina, Kericho au Mariakani. Omba matokeo kwa maandishi. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko mashahidi kumi wanaosema, "Tulimwona akiwa mzima jana."

Lakini jihadhari sana. Ikiwa mnyama amekufa ghafula, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, usimguse wala usikubali mtu ampasue. Huenda ni kimeta, nacho huua watu. Mpigie daktari simu, naye atajua namna ya kupima bila kumfungua. Hakuna kesi inayostahili maisha ya mwanao.

Wakati unamngoja daktari, tafuta chupa ya dawa. Piga picha kwa simu jina la chanjo, tarehe ya kuharibika, na nambari iliyopigwa chapa kuonyesha dawa ilitengenezwa katika kundi gani. Weka risiti, ujumbe wa M-Pesa, na kadi ya chanjo. Andika jina la aliyechanja na saa aliyofika. Kisha zunguka kwa majirani. Kama wanyama 30 walidungwa kutoka chupa moja na wako peke yake ndiye aliyekufa, hiyo ni habari ya namna moja. Kama wamekufa 9 katika boma nne, ni habari nyingine kabisa, na hapo ni afadhali mwende kwa wakili pamoja. Usisahau karatasi za maziwa za chama cha ushirika. Bila hizo, utamwambia hakimu ng'ombe wako alitoa lita 20 kwa siku, na upande wa pili utasema 6.

Umeyapata haya? Basi hesabu siku, kwa sababu sheria nayo ina saa yake. Yule jirani aliyesema Serikali haishtakiwi hajui Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, inayoruhusu Serikali kushtakiwa kwa makosa ya watumishi wake. Kesi huitwa kwa jina la Mwanasheria Mkuu. Lakini ukidai hasara iliyotokana na uzembe wa mtumishi wa Serikali, una miezi 12 tu tangu siku ya hasara. Mchanjaji akiwa wa kaunti, shika hesabu hiyo hiyo uwe salama. Akiwa mtu binafsi, dai la uzembe lina miaka 3, na dai la mapatano, kama la kuuziwa dawa mbovu, lina miaka 6. Mtu aliyeumia mwilini mwake aweza kuiomba korti imwongezee muda kama hakujua mapema mambo muhimu ya kesi yake. Mlango huo haukuwekwa kwa ajili ya ng'ombe.

Kwa hiyo, kama aliyechanja ni mtumishi wa Serikali na maabara imeonyesha kasoro, mwendee wakili mwezi huo huo. Mawakili wengi hutanguliza notisi ya siku 30 kabla ya kushtaki Serikali, na siku hizo zinakula miezi yako. Nenda mapema pia kama hasara ni ya wanyama wengi, au kama mwenye duka ameanza kukataa kuwa alikuuzia dawa.

Katika mengine, wakili aweza kungoja. Daktari akisema ni ugonjwa uliokuwa ndani tayari, hifadhi pesa zako ununue mtamba. Hasara ikiwa ndogo, na mkosaji ni mtu binafsi, mwandikie barua ya kudai. Akikataa, kuna Korti ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, pamoja na ya mali iliyoharibiwa, na yatakiwa kuamua katika siku 60. Waweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kama unachotaka ni mchanjaji asirudie kosa lake kwa mwingine, peleka malalamiko kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Hiyo yaweza kumtia adabu aliye katika daftari lake, lakini bei ya ng'ombe utaidai kortini.

Siku ya kwanza kwa wakili, uliza ada yake kabla hujamsimulia lolote, na umwambie aiandike. Ng'ombe wa shilingi 150,000 asiwe kesi ya shilingi 200,000. Na kama upande wa pili utakuletea fidia nyumbani pamoja na karatasi isemayo kuwa umelipwa na huna dai tena, ipokee karatasi uisome, lakini usiitie sahihi mpaka wakili wako ameiona.