Kinasa sauti cha kupigia video ya ndoa: usome hii mbele ya kununua



Wengi wetu tuko na lisansi ndani ya sanduku na kamera mkononi. Mimi ni agronome. Kazi ya shamba ilichelewa kuja, basi siku ya posho napiga video za ndoa hapa Bukavu. Leo sisemi juu ya kamera, juu kila mtu anaijua. Nasema juu ya kitu tunachonunua cha mwisho, ama hatununui kabisa: kinasa sauti, ile mashini ndogo inayochukua sauti peke yake, mbali na kamera.

Mwaka wangu wa kwanza nilipiga video ya sherehe ya mahari. Hema mbili zinatazamana, watu wamejaa, grupe ya umeme inanguruma nyuma ya nyumba juu umeme ulikatika tangu asubuhi. Msemaji wa upande wa bwana arusi alisimama, akataja vitu kimoja kimoja: vile vimeletwa leo, na vile vitabakia kuletwa nyuma ya ndoa. Picha ilitoka safi kabisa. Miezi michache baadaye jamaa zikagombana. Upande mmoja unasema mbuzi wa kubakia ni saba, mwengine unasema kenda. Mzee mmoja akasema, "Muite ule kijana wa video, mashini haidanganyi." Nikaenda na laptop. Wazee wote wakainama mbele ya ekrani. Midomo ya msemaji tunaiona, lakini sauti ni grupe tu, na vigelegele vya akina mama. Tukarudia mara nne. Mama wa bibi arusi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, sasa tulikulipa ya nini?"

Mtu wa mjini ataona mbuzi wawili ni kitu kidogo. Lakini mimba ya mbuzi ni miezi 5 tu. Majike wawili, nyuma ya miaka mitatu, ni kundi. Wale wazee hawakuwa wanachezea.

Kosa langu lilikuwa nini? Kamera ilikuwa metre 6 toka kwa msemaji. Sauti inapungua haraka: kila mara umbali unaongezeka mara mbili, nguvu inayofikia mikro inashuka kwa desibeli 6 hivi. Na kamera nyingi zinajirekebisha zenyewe: mzee akinyamaza kidogo, kamera inafikiri sauti ni ndogo, inapandisha yote, njo grupe inajaa mu masikio. Ni kama kipimo cha mvua. Unakisimika pale mvua inanyea, si ndani ya ofisi. Mikro pia inaenda karibu na mdomo, hata kama ni ya bei ndogo.

Sasa, kununua gani? Vijana wengi wanakimbilia vile vinasa vikubwa vyenye matundu ya XLR, kama Zoom H4n Pro ama Tascam DR-40X. Ni vyombo vizuri, vinakubali waya nene za sono. Lakini kwa mtu anayeanza, mimi naona ni kununua trakta mbele ya kupata jembe. Kingine ni kile kidogo chenye mikro juu yake, Zoom H1n ama Tascam DR-05X. Ukikiweka mezani mbele ya wazee, ama karibu na bafle ku kanisa, kinakutoa mu shida nyingi. Tena kiko na tundu ya milimetre 3,5, unaweza kuchomeka mikro ya kravati. Na kuna kile cha mfukoni, kama Tascam DR-10L: kinaingia ndani ya koti ya bwana arusi, mikro yake inafungwa ku kravati, kinatumia batri moja tu ya AAA.

Mimi ningeanza na kile cha mfukoni. Ndoa ni maneno ya watu wachache: bwana arusi, padri ama pasta, msemaji wa jamaa. Bwana arusi akisimama karibu na bibi arusi, mikro moja inachukua "ndiyo" zote mbili.

Makuta haipo kabisa? Chukua telefoni ya zamani, mikro ya kravati ya bei ndogo, weka mode avion ili mtu asipige katikati ya kiapo, funga, tia mu mfuko wa koti. Itapita kamera yako mbali sana. Jaribu tu ku nyumba kwanza, juu telefoni zingine hazikubali kila mikro.

Fasi ya kuangalia sana ni vigelegele. Unapima sauti ya pasta vizuri, unaacha vilele vyake ku desibeli -12, halafu bibi arusi anajibu na kanisa yote inalipuka. Sauti iliyopasuka hakuna programu itaiponyesha vizuri. DR-10L na DR-40X zinaweza kurekodi mara mbili kwa wakati moja, ya pili ikiwa chini. Ile ya juu ikipasuka, unachukua ya chini. Vya mupya kama Zoom H1essential na Zoom F2 vinarekodi kwa biti 32 zinazoelea: hakuna kupima mbele, unapandisha ama kushusha nyuma, ku laptop. Lakini hata hivyo mikro yenyewe iko na mwisho wake, usiibandike mbele ya bafle.

Fundi wa sono anaweza kukupa waya toka ku meza yake. Kubali, lakini muombe ashushe sauti, juu hiyo waya inatoka na nguvu nyingi kupita mikro. Na ujue: mzee anayekataa kushika mikro hayuko ndani ya hiyo waya. Wazee wetu wengi wanaikataa.

Batri: chagua mashini ambayo batri yake inatoka. Yenye kufungiwa ndani ikizimika ku saa nane, na umeme hakuna, umekwisha. Weka batri mupya mbele ya misa, usitumie zile za jana. Karti: WAV, 48 kHz, biti 24, sauti mbili, inakula giga 1 hivi kwa saa. Karti ya giga 32 inapita siku nzima, basi MP3 ya nini? Na ukisha kuanza kurekodi, funga vifungo na ile "hold". Bwana arusi anakumbatiwa na watu mia, mmoja atakizima.

Usikizimishe mpaka mwisho. Piga kofi moja mbele ya kamera wakati yote inarekodi. Ku laptop unatafuta lile kofi na unalinganisha sauti na picha. Nyuma ya saa moja inaweza kupotoka kidogo, unakata na kusogeza. Na usishangae ukiwa nyuma kabisa ya kanisa: sauti inatembea metre 340 hivi kwa sekunde, ku metre 34 imechelewa sehemu moja ya kumi.

Wale mbuzi, jamaa zilikubaliana nane. Mimi nilirudisha dola 40, na mwezi uliofuata nikanunua kinasa changu cha kwanza, cha mkono wa pili, kwa dola 70.