Mbwa Muzee Anatafuta Lupango



Labda katika kartie yako kuna mbwa asiye na mwenyewe. Unamuona asubuhi unapoenda kazini, amelala mbele ya mulango wa nyumba ambamo watu wamehama. Gari ikipita, anainua kichwa. Akiona si gari anayongojea, anakirudisha chini. Watoto wanamutupia jiwe. Wewe nawe unapita na kusema ndani ya moyo: "Ni mbwa tu, na tena amekwisha kuzeeka."

Leo tunataka kuzungumuza nawe juu ya mbwa wa namna hiyo. Tunamujua mumoja vizuri. Jina lake ni Bobi.

Bobi ni nani?

Bobi ni mbwa wa Likasi. Hakuna mutu aliyeandika siku ya kuzaliwa kwake, lakini mama wa nyumba anasema waliletewa huyo mbwa wakati mutoto wao wa tatu alipoachishwa kunyonya, na mutoto huyo sasa yuko na miaka kumi na mbili. Basi hesabu mwenyewe. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, na nywele za kinywa zimegeuka nyeupe. Sikio moja limepasuka. Lilipasuka usiku ule wezi walipoingia katika lupango kutafuta waya na baiskeli, naye akawazuia mpaka majirani wakaamuka. Asubuhi yake kartie nzima ilimusifu.

Kisha kazi ya baba wa nyumba ikahamia Kolwezi. Wewe unayeishi katika sehemu za madini unajua mambo hayo. Tangu miaka ya 2000 shaba na kobalti zimevuta jamaa nyingi kwenda kule, na tangu mwaka wa 2015 Kolwezi ndiyo muji mukubwa wa jimbo la Lualaba. Nyumba za kupanga zimekuwa bei kali. Jamaa hiyo ilipata vyumba viwili ndani ya lupango la wengine, na mwenye lupango alisema wazi kwamba hataki mbwa. Siku ya kuhama, kamio ilijaa vitanda, masafuria na magunia ya makala. Bobi alikimbia nyuma ya kamio mpaka kwenye barabara ya lami, kisha akachoka.

Siku tatu alilala mbele ya mulango uliofungwa. Siku ya nne, zamu wa usiku wa lupango la kanisa alimufunga kamba ya shingo na kumuleta kwetu. Tangu siku ile analala nyuma ya jiko. Imepita miezi mitano.

Tusihukumu upesi

Ni rahisi kusema kwamba jamaa ile ilikuwa na roho mbaya. Sivyo. Kila juma ya pili mutoto wao anapiga telefone kwa zamu na kuuliza: "Tata, Bobi anakula?" Mama alituambia kwa sauti ya haya: "Pasta, shiye hatukumutupa. Tulikosa tu fasi ya kumutia." Tunaamini maneno yake. Lakini iko somo. Walitafuta nyumba ya watu, wakatafuta masomo ya watoto, wakatafuta mununuzi wa kabati. Kumutafutia Bobi mutu wa kumupokea, hawakulikumbuka neno hilo mpaka asubuhi ya kamio. Kama unajua kwamba utahama, tafuta mbele. Mwezi moja unatosha kwa kuongea na majirani, na mbwa anaweza kuanza kuzoea lupango jipya wakati ungali karibu.

Watu wa inchi nyingine wanafanya nini?

Inchi za Ulaya na Marekani ziko na nyumba za kupokea mbwa wasio na wenyewe. Katika muji wa London mama mumoja, Mary Tealby, alianzisha nyumba ya namna hiyo katika mwaka wa 1860. Wengi walimucheka. Gazeti likaandika kwa kuchekelea, kwamba muji uko na masikini wengi, na yeye anahurumia mbwa! Lakini hakuacha. Katika mwaka wa 1871 nyumba ile ilihamia sehemu inayoitwa Battersea, na mpaka leo inafanya kazi.

Katika nyumba za namna hiyo watu wanakuja kuchagua. Mbwa mudogo anachaguliwa upesi, kwa sababu anachezacheza na macho yake yanafurahisha watoto. Mbwa muzee anabaki. Anatazama watu wakipita mbele ya chumba chake, na wengi hawasimami. Basi unaona, hata kule kwenye pesa nyingi, muzee ndiye anayengoja.

Katika miji yetu ya madini si desturi kuwa na nyumba kama hizo. Kwetu nyumba ya kupokea ni lupango la jirani, au jiko la zamu. Ndiyo sababu neno hili linakuhusu wewe unayesoma.

Faida ya mbwa muzee

Kijana mumoja alituambia: "Pasta, mbwa hii iko muzee, haina faida tena." Tumujibu nini?

Kwanza, mbwa muzee anajua kazi. Hakuna haja ya kumufundisha kwamba mutu anayeruka ukuta saa nane ya usiku si mugeni mwema. Masikio ya Bobi yamepunguka kidogo, lakini pua lake liko sawasawa, na anapolia, mbwa wote wa njia wanamufuata.

Pili, mbwa muzee ametulia. Hatafuni viatu. Hachimbi bustani ya mboga. Hakimbii siku tatu nyuma ya mbwa wa kike. Kama alikomaa pamoja na watoto, anawavumilia, lakini watoto nao wasivute mukia wake wala kumusumbua anapokula.

Tatu, si kweli kwamba mbwa muzee hawezi kujifunza. Bobi alijifunza kwa majuma mawili kwamba siku ya Mungu, ngoma ikilia, anapaswa kuondoka kwenye mulango wa kanisa na kwenda chini ya muembe. Wako Wakristo ambao wamekawia zaidi kwa kujifunza kukaa fasi yao.

Uzee wake unaonekana namna gani?

Mbwa wa miaka kumi anahesabiwa kuwa muzee, na mbwa wa umbo kubwa anazeeka mbele ya mudogo. Macho yanaonyesha wingu la rangi ya buluu, lakini wingu hilo si upofu kila mara. Asubuhi ya baridi, magoti yanamuuma, anasimama polepole. Analala sana. Makucha yanakuwa marefu kwa sababu hatembei vile alivyotembea. Meno yanaanguka.

Kwa hiyo, kama unamupokea, ujue mambo haya:

Chakula chake kiwe laini. Mbwa haishi vizuri kwa bukari tupu. Changanya na vichwa vya ndakala, matumbo ya kuku yaliyopikwa, au mabaki ya nyama. Usimupe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu inavunjika kama sindano na kupasua tumbo. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwake. Ni vema kumugawia chakula mara mbili kwa siku, kidogo kidogo.

Maji safi yawe karibu siku zote. Lakini ukiona anaanza kunywa maji mengi kupita desturi na kukojoa mara nyingi, hiyo inaweza kuwa alama ya ugonjwa. Uliza munganga wa nyama.

Malalo yake yawe makavu. Gunia kuukuu juu ya mbao chache inatosha. Simenti tupu wakati wa baridi ya mwezi wa sita inamuumiza sana.

Majuma mawili ya kwanza, usimuache atoke peke yake, kwa sababu atarudi kwenye nyumba ya zamani. Mutu moja wa nyumba awe anamupa chakula siku zote, na amuite kwa jina lake la zamani. Kama unaweza kupata kitambaa chenye harufu ya wenyewe wa mbele, weka kwenye malalo yake. Usimupige. Mbwa aliyeachwa anaogopa, na mwenye kuogopa anaweza kuuma.

Neno la lazima: wazimu wa mbwa

Musomaji, huruma bila akili inaweza kuua. Ugonjwa wa wazimu wa mbwa, ule watu wanaita raje, ungali unaua watu wengi katika Afrika na Asia, na kati yao wako watoto wengi. Karibu watu wote wanaoupata wanaambukizwa na mbwa. Alama zake zikianza kuonekana ndani ya mutu, kupona ni kama hakuna. Lakini ugonjwa huu unaweza kuzuiwa.

Mbwa yeyote unayemupokea, muzee au mudogo, apate chanjo ya raje. Uliza ofisi ya serikali inayoangalia afya ya nyama, na uchunge karte yake. Chanjo inarudiliwa kwa wakati ambao munganga anaandika. Bobi alipata yake juma la kwanza alipofika kwetu, na karte iko ndani ya meza ya ofisi.

Mutoto wako akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, usitie mafuta ya gari, usitie majivu. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15. Kiisha umupeleke hopitali siku ile ile ili apate chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Mbwa aliyeuma afungwe mahali salama na kuangaliwa siku 10, kama inawezekana bila hatari. Mbwa anayebadilika gafula, anayetoka mate mengi, anayeuma bila sababu au kushindwa kumeza, usimukaribie. Ita wenye kazi hiyo.

Tena umupe dawa ya minyoo, utoe kupe na viroboto, na watoto wanawe mikono kiisha kucheza naye.

Nani asimupokee?

Hatutaki kukudanganya. Kama watoto wako wanakula mara moja kwa siku, hatukuombi utoe sahani yao. Kama lupango lako halina ukuta wala uzio, na wewe hauko nyumbani tangu asubuhi mpaka usiku, mbwa muzee atateseka kwako. Na kama huruma yako ni ya siku tatu tu, afazali umuache pale alipo. Kuachwa mara moja kulimuumiza. Kuachwa mara ya pili kutamumaliza.

Lakini wako kati yenu wanaoweza. Yuko mujane ambaye watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, naye anaogopa usiku. Yuko muzee wa pansioni anayekaa mbele ya nyumba muchana kutwa bila mutu wa kumungojea. Yuko kijana aliyejenga nyumba ya kwanza na anataka mulinzi. Wao wanaweza kumupa Bobi miaka miwili au mitatu ya mwisho, naye atawalipa kwa namna yake.

Kwa nini tunaandika mwezi huu

Zamu wetu naye amezeeka. Amelinda lupango la kanisa miaka mingi, na sasa macho yamechoka. Mwisho wa mwezi huu anaenda Lubumbashi kwa binti yake, ambaye anaishi na watoto ndani ya chumba kimoja. Hakuna fasi ya mbwa kule. Zamu mupya ni kijana, na amekwisha kusema kwamba anataka mbwa mudogo mwenye nguvu.

Jioni moja tulimukuta muzee anamenya meno ya kichwa cha samaki kwa vidole, polepole, ili Bobi aweze kula. Tukamuambia, "Tata, usisumbuke, tutatafuta mutu." Hakuinua macho. Akasema:

"Miye niko na mutoto wa kunipokea. Eye je, iko na nani?"

Tulikosa jibu. Tulisimama pale na kumutazama Bobi anavyokula.

Tunajua neno la Mezali 12:10, ambapo kutunza uzima wa nyama wa nyumbani kunahesabiwa kuwa alama ya mutu wa haki. Tumelihubiri. Lakini ulizo la zamu si la mahubiri. Ni la lupango, sahani moja na gunia kuukuu.

Basi, mupenzi musomaji, kama uko Likasi ao karibu, na umehesabu vizuri, ongea na muchungaji wa kanisa lako, naye atatupatia habari. Uje kwanza kumuona. Kaa naye chini ya muembe muda wa saa moja. Usilete zawadi, ukae tu. Kama atakuja kunusa mikono yako na kulala karibu na miguu yako, utajua.

Na kama uko mbali, usiseme neno hili halikuhusu. Kesho asubuhi, unapoenda kazini, tazama mbele ya ule mulango uliofungwa.