Meza moja, miji minne: Namna ya kuanza kuongoza michezo ya kuigiza mtandaoni

Marafiki waliosoma pamoja hutawanyika haraka. Mmoja anabaki Mtwara, mwingine anahamia Dar es Salaam, wa tatu anapata kazi Muscat, wa nne anakwenda masomoni London. Baada ya mwaka mmoja kinachobaki ni kundi la WhatsApp lenye salamu za asubuhi na picha za kuchekesha.

Iko njia ya kuwakalisha tena pamoja kwa saa mbili, wakicheka na kubishana kama zamani. Ni mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani, ila meza yenyewe iko kwenye intaneti. Makala haya yanaeleza mchezo huo ni nini, unahitaji vifaa gani, na anayetaka kuuongoza aanzie wapi bila kumaliza bando wala kuwachosha wenzake.

Ni mchezo gani huu?

Unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu hapo imetokea mingine mingi, lakini utaratibu wake unafanana.

Mtu mmoja anakuwa msimamizi wa mchezo. Yeye anaeleza mahali, hali ya hewa, watu waliopo na hatari inayokuja. Kila mchezaji ana mhusika mmoja: baharia, mganga, mwizi, askari. Msimamizi anaeleza kisha anauliza, "Unafanya nini?" Mchezaji anajibu kwa maneno yake mwenyewe. Pale ambapo jambo linaweza kufaulu au kushindikana, dadu ndiyo inayoamua.

Tuchukue mfano. Mhusika wako anataka kuruka ukuta. Msimamizi anasema kazi hiyo ina ugumu wa 15. Unarusha dadu ya pande 20, unaongeza 3 kwa sababu mhusika wako ni mwepesi. Ukipata 12 au zaidi, umeruka. Yaani una nafasi 9 kati ya 20. Hesabu ndiyo hiyo, na sehemu kubwa ya sheria zilizobaki ni nyongeza juu yake.

Aliyekua akiitikia "Pakawa!" bibi anaposema "Paukwa!" hatapata shida kuelewa. Hadithi haiendi bila waitikiaji. Tofauti ni kwamba hapa waitikiaji wanaweza kuugeuza mwisho, na hata msimulizi hajui utakuwaje.

Meza ya mtandaoni inafanya nini?

Meza ya mtandaoni ni programu inayowaonyesha wote picha moja kwa wakati mmoja. Msimamizi anaweka ramani. Juu yake kuna kete, moja kwa kila mhusika, na kila mtu anasogeza yake kama anavyosogeza kete za drafti. Dadu hurushwa humo humo na wote wanaona namba. Programu nyingi zina pia ukungu: sehemu ya ramani ambayo wachezaji hawajafika hubaki imefunikwa mpaka msimamizi aifungue.

Zipo nyingi. Hizi tatu zinatosha kuonyesha tofauti:

Owlbear Rodeo ni nyepesi. Ina ramani, kete, dadu na ukungu. Msimamizi anafungua chumba, anatuma kiungo, wenzake wanaingia kwa kivinjari.

Roll20 ilianza mwaka 2012. Nayo hufunguka kwenye kivinjari na ina akaunti ya bure. Inatunza pia karatasi za wahusika, yaani kumbukumbu ya nguvu, mali na majeraha ya kila mmoja. Ina mambo mengi, hivyo inahitaji muda wa kuizoea.

Foundry ilitoka mwaka 2020. Msimamizi peke yake ndiye anayeinunua, na analipa mara moja tu. Bei yake ya kawaida imekuwa dola 50 za Marekani. Ina uwezo mkubwa, lakini kwa kawaida mchezo hukaa kwenye kompyuta ya msimamizi. Umeme ukikatika kwake, meza imefungwa kwa wote. Kwa mtu anayeanza, na hasa anayeishi na mgao wa umeme, si mahali pa kuanzia.

Kuhusu sheria, huna haja ya kununua kitabu mwanzoni. Januari 2023 wamiliki wa Dungeons & Dragons walitoa sheria za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons. Unaweza kuzisoma bure, na unaruhusiwa hata kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuzigawa, mradi utaje zilikotoka kama leseni inavyotaka.

Sauti kwanza, ramani baadaye

Wengi wanaoanza hutumia wiki mbili kupamba ramani, kisha siku ya mchezo wanagundua kuwa hakuna anayesikika vizuri. Sisi tunaofanya kazi redioni tunalijua hili: msikilizaji anaweza kujichorea picha kichwani, lakini sauti mbovu anaizima.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iweke kwenye vipokea sauti vya masikioni vyenye maikrofoni, hata vya bei ya chini. Bila hivyo, sauti ya spika inarudi kwenye maikrofoni na kila mtu anajisikia mara mbili. Asiyeongea azime maikrofoni yake, hasa kama kuna jogoo, bodaboda au televisheni jirani.

Mezani mnaonana: mtu akitaka kusema, unamwona anavuta pumzi. Mtandaoni hilo halipo. Swali la "Haya, mnafanya nini?" huleta ama ukimya ama watu wanne kusema kwa pamoja. Ita jina: "Halima, mlango umefunguka mbele yako. Unafanya nini?" Akimaliza, nenda kwa anayefuata. Aliyenyamaza kwa dakika kumi huenda hajakosa la kusema. Amekosa mlango wa kuingilia. Ni kazi yako kumfungulia.

Usiku wa kwanza: matukio matatu, ramani moja

Usiandae hadithi ya miezi sita. Andaa jioni moja, kwa wachezaji watatu au wanne.

Tuseme hadithi yenu iko Kilwa Kisiwani ya karne ya 14. Jahazi limetia nanga usiku na sanduku moja la mzigo limepotea. Tukio la kwanza ni bandarini: nahodha anawaomba wahusika msaada, na baharia mmoja anaonekana kuficha jambo. Hapa huhitaji ramani, ni mazungumzo tu. Tukio la pili ni kufuata nyayo mpaka jumba la Husuni Kubwa. Tukio la tatu ni ndani ya jumba, kando ya lile bwawa lake la pembe nane, ambako wezi wanagawana mali.

Ramani moja inatosha, ya tukio la tatu. Chora kwa kalamu kwenye karatasi, piga picha kwa simu, iweke mezani. Picha ikiwa nzito, ipunguze kabla ya kuipandisha, maana kila mchezaji ataipakua kwa bando lake.

Siku moja kabla, waite wenzako kwa dakika ishirini tu. Kila mmoja afungue kiungo, asogeze kete yake mara moja, arushe dadu mara moja. Matatizo ya nywila na maikrofoni yamalizeni siku hiyo, yasile muda wa mchezo.

Saa tatu ya nani?

Meza nyingi hufa kwa sababu ya ratiba. Ukisema "Jumamosi saa tatu usiku" kwa saa za Afrika Mashariki, aliyeko Muscat atacheza saa nne usiku. Aliyeko London atacheza saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi, na saa moja jioni wakati wa kiangazi, kwa kuwa Uingereza husogeza saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Tena aliyekaa ughaibuni muda mrefu anaweza kusikia "saa tatu" akafikiria namba 3 kwenye simu yake. Andika hivi: 21:00, saa za Afrika Mashariki.

Panga siku moja isiyobadilika, mfano Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mmoja akikosa, chezeni. Mkisubiri mpaka wote watimie, hamtacheza.

Bando na umeme

Video ndiyo mlaji mkubwa, basi izimeni. Kwenye Discord, programu ya mazungumzo inayotumiwa sana na wachezaji hawa, chumba cha sauti kwa kawaida huwekwa kbps 64. Hiyo ni kama MB 29 kwa saa kwa kila sauti inayosikika bila kukatika. Mkiongea kwa zamu, jioni nzima inawezekana kwa bando dogo.

Weka mpango wa akiba pia. Umeme ukikatika kwa mtu, aendelee kwa simu kwa sauti tu, na mwenzake amsogezee kete. Msimamizi awe na namba muhimu kwenye karatasi.

Adabu ya meza

Kabla ya kuanza, ulizeni kila mtu ni jambo gani hataki liingie kwenye hadithi. Wako waliofiwa karibuni, wako waliopitia mambo mazito. Kubalianeni ishara: mtu akiandika herufi X kwenye sehemu ya ujumbe, tukio hilo linaachwa na hakuna anayedai maelezo.

Mzazi ambaye mwanawe anacheza na watu wa mtandaoni ajue ni akina nani, na kiungo cha chumba kisibandikwe hadharani. Discord yenyewe hairuhusu aliye chini ya miaka 13.

Mkimaliza, tengeni dakika tano: kila mmoja ataje kilichomfurahisha na anachotaka kuona safari ijayo. Msimamizi aandike majibu hayo, kwa sababu tayari hapo amepata nusu ya hadithi ya mwezi unaofuata. Kabla hamjaagana, tajeni tarehe.