"Punguza redio yako!" Kosa ni la nani hasa?

Wadau, hili mmelisikia mara elfu. Mechi ya Simba na Yanga imeisha, jamaa anapiga simu redioni kutoka dukani kwake Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Hata salamu hajamaliza, mtangazaji anadakia: "Punguza redio yako!" Anapunguza, bado anababaika, simu inakatwa. Hoja yake imeenda na maji.

Mimi ni fundi mitambo, kazi yangu ni kukaa kwenye miksa. Niwaambie ukweli: kuna siku redio ya jamaa haina hatia kabisa, tatizo liko studio.

Kwenye miksa ya zamani, waya wa maiki ukichomekwa chaneli ya kwanza, basi chaneli ya kwanza ni maiki hiyo. Miksa ya kidijitali siyo hivyo. Nyaya zinaishia chumba cha mitambo, na ile feda unayoisukuma kwa kidole ni kama rimoti tu. Wewe ndiye unayeiambia ishike sauti gani na iipeleke wapi. Haya, twende taratibu:

1. Chagua chanzo: maiki, kompyuta ya muziki au simu.

2. Pima kiwango. Mtangazaji aongee kama anavyoongea hewani, siyo "moja, mbili". Kwenye dijitali 0 ni ukuta, ukiugonga sauti inapasuka. Mimi huacha sauti kubwa kabisa iishie karibu na -12.

3. Maiki ya kondensa inataka umeme wa volti 48. Washa kwenye chaneli hiyo tu.

4. Chagua njia ya kutoka: hewani, kurekodi, au hedifoni ya kusikiliza pembeni.

5. Panga sauti inayorudi kwa mpigaji. Hapa ndipo wengi wanapochemsha!

Mpigaji anatakiwa asikie kila kitu, isipokuwa yeye mwenyewe. Mafundi tunaiita miksi-mainasi. Ukimrudishia sauti yote ya hewani, anajisikia kwa kuchelewa sehemu ya sekunde, na ulimi unagoma. Hapo hata azime redio zote za Kariakoo haisaidii. Wakiwa wapigaji wawili, kila mmoja ana njia yake: wa kwanza anamsikia wa pili, wa pili anamsikia wa kwanza, basi.

Miksa nyingi za kisasa za redio zinatengeneza njia hiyo zenyewe, mradi umeziambia kwamba chanzo hicho ni simu. Ukikiweka kama chaneli ya kawaida, imekula kwako.

Kupima ni dakika moja. Kabla ya kipindi, toka nje, pigia studio mahali pasipo na redio, uongee. Ukijisikia unarudi, njia imekosewa. Usipojisikia, basi hapo ndipo una haki ya kumwambia mtu apunguze redio, maana simu yake inaidaka na kuirudisha hewani.

Vijana mnaokwenda kufanya majaribio kwenye vituo vya redio, shikeni hilo. Mtu katumia vocha yake ili asikike, usimkatie kwa kosa lako.

Nawasilisha.