Kisiwa Ambacho Kila Jirani Anashukiwa
Wanafunzi wangu wa fasihi wakiniuliza riwaya ya upelelezi hujengwaje, huwapa Raven Black ya Mwingereza Ann Cleeves, iliyotoka mwaka 2006. Inatukia Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Uskoti, ambako wakati wa baridi jua huonekana saa chache tu kwa siku. Msichana, Catherine Ross, anakutwa amenyongwa kwenye theluji. Papo hapo vidole vinamwelekea mzee mpweke, Magnus Tait, kwa sababu miaka ya nyuma mtoto mwingine alipotea, naye akashukiwa.

Kinachonivutia ni jinsi bahari inavyoubana mkasa. Muuaji huenda ni jirani, na kila shahidi ana ndugu au siri ya kulinda. Inspekta Jimmy Perez, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha Fair Isle, hakimbilii vitisho. Anasikiliza kwa subira. Cleeves mwenyewe aliwahi kuwa mpishi Fair Isle, na jinsi anavyovijua visiwa hivyo inaonekana. Kwangu, somo lake kubwa ni hili: uvumi wa kijiji unaweza kumhukumu mtu kabla ushahidi haujapatikana.